Kariakoo: Sakafu za zege huimarishwaje dhidi ya uzito na moto?

Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, Tanzania. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na wengine wengi waliokolewa kutoka chini ya kifusi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Miaka mitatu kabla yake, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, jengo la zege lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli katika miaka ya 1970.

Matukio hayo mawili hayafanani, lakini yote yanawahusu wafanyabiashara wa Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo wanaofuata bidhaa Kariakoo. Pia yanaibua swali moja: je, jengo la zege ambalo tayari linatumika laweza kuongezewa nguvu? Wahandisi hujibu kwamba inawezekana, kwa sharti moja. Kubeba uzito na kustahimili moto ni mambo mawili tofauti, na tiba ya jambo moja yaweza isifae kitu kwa jingine.

Chumba kinapogeuzwa ghala

Sakafu ya ghorofa, ambayo mafundi huiita slabu, hubeba mzigo kwa ushirikiano wa zege na nondo. Zege huhimili kukandamizwa, lakini hupasuka upesi linapovutwa. Slabu inapolemewa katikati, upande wake wa juu hukandamizwa na wa chini huvutwa; ndiyo maana nondo za katikati hulazwa chini. Karibu na boriti na nguzo hali hugeuka, na nondo huhitajika juu.

Sakafu ya makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na samani katika kila mita ya mraba. Kwa ghala, kanuni za Ulaya hutaka kilo 750 au zaidi. Marobota kumi ya mitumba ya kilo 45, yakipangwa juu ya mita moja ya mraba, hufikia kilo 450. Hivyo chumba cha kulala kinachogeuzwa stoo huenda kikabebeshwa zaidi ya mara mbili ya uzito uliokusudiwa, bila ukuta wowote kuguswa.

Njia za kuongeza nguvu

Njia ya kwanza ni kumwaga tabaka jipya la zege juu ya slabu ya zamani. Uso wa zamani hukwanguliwa hadi uparuze, husafishwa, na vipande vya chuma hupachikwa ili matabaka mawili yafanye kazi kama kitu kimoja. Hata hivyo, tabaka la sentimita 6 huongeza takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Katika chumba cha mita 4 kwa 4, hizo ni tani 2.4 mpya, ambazo nguzo na msingi lazima zizibebe.

Njia ya pili ni kuweka boriti za chuma chini ya slabu ili kufupisha masafa kati ya egemeo na egemeo. Masafa yakipungua kwa nusu, nguvu inayoipinda slabu katikati yaweza kushuka hadi robo. Lakini mahali boriti mpya inapopita, upande wa juu wa slabu huanza kuvutwa, na huenda hakuna nondo za kutosha hapo. Kwa hiyo mhandisi hupiga hesabu upya kabla ya fundi kuanza kazi.

Njia ya tatu ni kubandika chini ya slabu mikanda ya nyuzi za kaboni kwa gundi ya epoksi. Mikanda hiyo ni myembamba, haiongezi uzito wa maana, na hufungwa kwa muda mfupi.

Moto hubadili hesabu

Udhaifu wa njia hiyo ya tatu hujitokeza moto unapowaka. Gundi nyingi za epoksi huanza kulegea kati ya nyuzijoto 60 na 80 za Selsiasi, ilhali katika majaribio rasmi ya moto joto la tanuri hufikia takriban nyuzijoto 840 katika dakika 30. Kwa sababu hiyo, mhandisi huichukulia mikanda hiyo kana kwamba haipo wakati wa moto, na huhakikisha kuwa slabu ya zamani peke yake haitaanguka kabla watu hawajatoka. Boriti ya chuma iliyoachwa wazi nayo huhitaji kinga.

Nondo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake zinapofikia takriban nyuzijoto 550 hadi 600. Kinachozichelewesha kupata joto ni zege linalozifunika. Kwa mujibu wa kanuni za Ulaya, slabu ya kawaida inayobeba upande mmoja ikitakiwa kuhimili moto kwa saa moja, iwe na unene wa milimita 80 na kiini cha nondo kiwe milimita 20 kutoka upande wa chini. Kwa saa mbili, vipimo hivyo huwa 120 na 40.

Pale kifuniko kinapokuwa chembamba, chini ya slabu hupakwa lipu maalumu yenye vemikulaiti au jasi, au hufungwa mbao za silikati ya kalsiamu. Kinga hizo huchelewesha joto tu, wala haziongezi uwezo wa kubeba mzigo. Jengo lenye hitaji la mambo yote mawili hufanyiwa kazi zote mbili.

Dalili za kuangalia

Mpangaji hana vifaa vya kupima zege, lakini ana macho. Sakafu iliyobonyea, nyufa zinazopanuka, madoa ya kutu darini, zege linalomeguka hadi nondo kuonekana, au mlango ulioanza kukwama ghafla ni dalili za kumwita mhandisi aliyesajiliwa. Hatua ya kwanza haihitaji saruji wala gharama: kushusha mzigo na kuwaondoa watu hadi ukaguzi ufanyike.