Tela Likiharibika Njiani

Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikuwa narudi nyumbani kwa baiskeli baada ya kipindi cha mchana. Ilikuwa kama saa kumi hivi, na jua bado kali. Kwenye kona nikakuta tela la trekta limesimama, limejaa pamba. Gurudumu moja lilikuwa limetolewa. Dereva alikuwa amekwenda mjini na trekta kutafuta kipuri. Tela alikuwa ameliacha juu ya jeki moja, na jeki yenyewe iko juu ya mchanga.

Chini ya tela walikuwa wamekaa akina mama wawili na watoto watatu. Walikuwa abiria. Niliwaamkia, kisha nikawaomba watoke. Mama mmoja akacheka. "Mwalimu, jua lote hili unatutoa kivulini? Tela lenyewe limeshakufa, litakwenda wapi?"

Walitoka kwa kunionea haya tu, nadhani. Wakahamia chini ya mti, mbali kidogo na barabara. Hatukukaa sana. Jeki ilizama mchangani upande mmoja, tela likainama, likaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyelisukuma. Yule mama hakusema neno. Alimvuta mwanawe mdogo akampakata.

Tangu siku ile nimemwuliza fundi mmoja wa matrekta maswali mengi. Mimi nilisomea ualimu, sikusomea ufundi. Haya ninayokuandikia, ndugu msomaji, mengi nimeyapata kwake.

Mara nyingi kinachokufa ni beringi. Katikati ya gurudumu kuna vyuma vidogo vya mviringo, vimepangwa duara, vinabingirika ndani ya grisi. Hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo wote na kuliacha gurudumu lizunguke kwa wepesi. Grisi ikiisha, au ikiingiliwa na maji na vumbi, chuma kinasaga chuma. Kinapata moto. Mwisho beringi inavunjika, na gurudumu linaweza kuchomoka lote likaenda zake porini.

Lakini beringi hupiga hodi kwanza. Utasikia mlio wa kusaga, utanusa grisi inayoungua, utaona gurudumu linacheza. Kwa hiyo, ndugu dereva, kila ukisimama kupumzika zunguka tela lako. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kugusa. Vyote vitakuwa na joto kidogo. Kama kimoja kinakuchoma kabla hujakifikia, huyo ndiye mgonjwa. Usimmwagie maji baridi, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Subiri kipoe chenyewe. Na kama umebeba pamba, ondoa mzigo ulio karibu na gurudumu hilo. Pamba haihitaji moto mkubwa.

Haya, limeshaharibika. Watu wengi wanakimbilia spana. Hapana. Kwanza toka barabarani, kama linakubali kusogea hata kidogo. Pili, watu wote washuke. (Kwa kweli tela si la kubebea watu, lakini tunajuana.) Washukie upande wa majani, si upande wa magari, wakakae mbali. Tatu, weka alama.

Hapa tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linapita mita 22 kwa kila sekunde 1. Sekunde 1 ni muda wa kusema "Loo!" Dereva akikuona, muda kama huo unapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kisha gari nalo linataka nafasi ya kusimama. Kwa gari dogo, barabara kavu na breki nzima, jumla inapita mita 50. Lori lenye mzigo linataka zaidi. Sasa yule anayekata tawi na kuliweka hatua 10 nyuma ya tela, amemsaidia nani? Hesabu hatua 100 za mtu mzima, nyuma na mbele pia. Kama umeharibikiwa kwenye kona au nyuma ya kilima, peleka alama mbali zaidi, ili dereva aione kabla hajaifikia kona. Pembetatu nyekundu zinazong'aa ndizo nzuri, kwa sababu zinarudisha mwanga wa taa. Tawi linaonekana mchana. Usiku ni jeusi kama barabara.

Kisha zuia magurudumu kwa mawe makubwa, mbele na nyuma. Matela mengi ya vijijini hayana breki zake, yanategemea trekta. Kwa hiyo usilifungue kwenye trekta likiwa na mzigo. Tela la magurudumu mawili ni kama mizani. Mzigo ukizidi nyuma, ule mkono wa mbele unaruka juu. Ukizidi mbele, unakudondokea mguuni. Kama ni lazima kulifungua, shusha mzigo kwanza. Ni kazi, najua.

Jeki nayo ina kazi moja, kuinua. Kushikilia si kazi yake. Iweke juu ya ubao mpana na mgumu. Legeza nati kabla ya kuinua, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Ukishainua, panga magogo imara chini ya ekseli. Hata hapo mtu asiingie chini. Wakati wa kurudisha gurudumu, kaza nati moja, kisha ile inayoikabili ng'ambo, kama unachora msalaba. Ukienda kilometa chache, simama uzikaze tena.

Sisi tunaokaa kando ya barabara nasi tunahusika, maana chombo chochote kikikwama tunakusanyika. Kama ni lori la mafuta, kaa mbali kabisa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Mafuta yakalipuka. Watu zaidi ya 100 walifariki.

Dereva wetu alirudi saa mbili usiku na beringi mpya. Tulisaidiana kushusha pamba, kuinua, kufunga na kupakia tena. Akaondoka na abiria wake, kwa sababu nilishindwa kuwashawishi walale kijijini. Mimi nikapanda baiskeli. Sikufika popote. Niligonga jiwe lake la kuzuia gurudumu, nikaanguka, na goti lina kovu mpaka leo. Nikawasha tochi nikahesabu: mawe 4 na gogo 1, katikati ya njia. Niliyaviringisha yote mtaroni, huku nachechemea.