Udongo wa Majivu wa Rungwe na Tijara Yake

Takriban miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ulitapika majivu na mawe mepesi yenye vitundu, ya jinsi ile ambayo watu husugulia nyayo hamamuni, yakafunika sehemu kubwa ya nyanda zinazouzunguka. Na juu ya mabaki hayo imesimama leo tijara ya chai, viazi mviringo, ndizi, maziwa na parachichi, ambayo malori huichukua hadi Dar es Salaam, na sehemu yake huvuka bahari.

Aushikaye udongo huu kwa mara ya kwanza hustaajabia wepesi wake, kwani sentimita moja ya ujazo, ukiwa mkavu, aghalabu haifiki gramu 0.9. Vioo vidogo vilivyomo katika majivu huoza upesi, vikageuka madini laini mno yanayoshikamana na mboji, na kutokana na ndoa hiyo udongo huwa mweusi, wenye matundu yasiyohesabika, wenye kuhifadhi maji hata baada ya masika kwisha. Ndiyo maana mchai haukauki kiangazi, na kiazi hunenepa bila kuzuiwa na kitu.

Walakini madini yayo hayo huikamata fosfati kwa nguvu, na mkulima anunuaye mbolea ya fosfati iitwayo DAP kwa bei ghali akaitawanya shamba zima, sehemu kubwa ya fedha yake hubaki ardhini kama amana aliyopewa mtu asiyetaka kuirejesha. Dawa yake ni nyepesi, nayo yastahili kufundishwa kila kijiji: mbolea itiwe kwenye mfereji karibu na mbegu, na samadi iongezwe, kwa kuwa mboji huyafunika madini na kuipunguzia fosfati kifungo. Fosfati ya Minjingu, ichimbwayo Manyara, nayo hufaa mahali penye udongo mchachu, ingawa huyeyuka polepole.

Mawe mepesi yenyewe pia yana soko, maana yakisagwa huchanganywa katika saruji, nayo hushikana na chokaa yakawa magumu.

Lakini katika tijara ya viazi dhuluma kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lumbesa. Mnunuzi hulipa gunia moja, naye huondoka na gunia lililovimbishwa kwa kilemba cha viazi juu yake, ijapokuwa sheria ya vipimo inakataza. Watu huihesabu hasara hii kwa shilingi tu, hali kiazi hula potasi nyingi mno, na kila kilo iliyotoka bila kulipwa imebeba sehemu ya rutuba ambayo mkulima atalazimika kuinunua dukani msimu ujao. Mizani sharti iwekwe mashambani, viazi viuzwe kwa kilo, na bei ya kilo hiyo ihesabiwe pamoja na gharama ya kuirudishia ardhi kilichochukuliwa.