TUNZA MIGUU YA PUNDA WAKO WAKATI WA MVUA

Mkulima, punda ni mtumishi mkubwa katika shamba lako. Ndiye achukuaye maji kutoka mtoni, na ndiye afikishaye mahindi sokoni. Akichechemea, mizigo hiyo yote hurudi kichwani mwa mama na watoto.

Katika bonde la Lambwe, na sehemu nyingine nyingi za Homa Bay na Migori, udongo ni mweusi wenye kunata. Mvua ya masika inyeshapo, tangu Machi hata Mei, punda husimama topeni mchana na usiku. Ngozi iliyo juu kidogo ya ukwato hulainika, kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Mchanga huikwaruza, na vijidudu hupata mlango wa kuingia. Kimojawapo kilielezwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1915, nacho hushika ng'ombe pia.

Dalili ni hizi: nywele hushikamana vishungivishungi, vigaga hutokea na usaha chini yake, kisha ngozi hupasuka. Punda hukataa kuguswa mguu.

KINGA

1. Mtengenezee mahali palipoinuka, pamwage kokoto au muramu, maji yapate kutiririka. Ondoa mavi kila siku.
2. Usimwoshe tope kila jioni. Liache likauke, kisha ulipanguse kwa brashi. Maji ya kila siku huzidi kuilainisha ngozi.
3. Usimfunge miguu kwa kamba ya nailoni, maana humchubua. Tumia ukanda mpana na laini.
4. Mkague miguu kila arudipo kazini.

MATIBABU

Mpumzishe mahali pakavu. Punguza nywele za sehemu yenye ugonjwa. Chemsha maji, yaache yapoe kiasi cha kuvumilika na mkono, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika kila nusu lita, ukaoshe taratibu. Vigaga vilivyolainika viondoe na kuvichoma moto. Vilivyoshika usivibandue kwa nguvu. Kausha kabisa kwa kitambaa safi, ndipo upake marhamu ya zinki. Mwisho nawa mikono kwa sabuni, maana ugonjwa huu waweza kumshika mtu.

Usipake oili chafu ya gari, wala maji ya betri, wala dawa ya kupe isiyochanganywa na maji. Vitu hivi huunguza ngozi na kukuongezea kazi.

Mguu ukivimba na kuwa na moto, au punda akishindwa kukanyaga, mwite Afisa wa Mifugo upesi. Mwulize pia habari za chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo huingia kwa kidonda, na punda na farasi hushikwa nao kwa urahisi kuliko mifugo mingine. Taya na miguu ikisha kukakamaa, ni vigumu kumwokoa.

Kumwaga muramu zizini ni kazi ya siku moja. Kidonda kibaya chaweza kumlaza punda majuma mengi, na mavuno hayangoji.