Hesabu ya Watu na Kaya Zao Katika Mkoa wa Kilimanjaro

Kuhesabu ng'ombe ni kazi nyepesi. Mchungaji asimama mlangoni pa zizi wakati wa jioni, nao wapita mmoja mmoja mbele yake, naye hujua mara kama wote wamerudi. Lakini watu hawana mlango mmoja wa kupitia. Huyu yu safarini, yule amelazwa hospitali, mwingine ni mvuvi aliye baharini, na mwingine ni mlinzi ambaye usiku wake ndio mchana wa kazi. Basi Serikali itajuaje idadi ya watu wake, pasipo kumhesabu mtu mara mbili, wala kumwacha mtu?

Dawa ya shida hiyo ni kuchagua usiku mmoja. Katika hesabu ya watu ya Tanzania iliyofanywa mwaka wa 2022, usiku uliochaguliwa ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku huo. Makarani hawawezi kufika nyumba zote kwa siku moja. Lakini hata karani akifika siku ya tatu au ya nne, swali lake ni lile lile. Haulizi, "Watu wa ukoo huu ni nani?" Auliza, "Usiku ule, waliolala hapa ni nani?" Mgeni aliyelala kwenu ahesabiwa kwenu, ingawa kwao ni Tabora. Kaka yako akaaye Dar es Salaam hahesabiwi kwenu, hata kama mama amemtandikia kitanda chake tangu mwaka jana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku huo huandikwa. Aliyezaliwa saa saba hana budi kungoja hesabu nyingine, naye atakapoandikwa mara ya kwanza huenda akawa mwanafunzi wa darasa kama lako.

Siku hizi hesabu hiyo yaitwa sensa. Mwaka wa 2022 makarani hawakuchukua madaftari makubwa kama zamani, bali waliandika majibu katika vishikwambi. Waliuliza jina la kila mtu, umri wake, kama ni mume au mke, alizaliwa wapi, amesoma hata wapi, afanya kazi gani. Majibu ya mtu mmoja ni siri kwa sheria. Kinachotangazwa ni jumla. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana wazee wetu walikuwa na sababu ya kuogopa kuhesabiwa. Katika nyakati za utawala wa kigeni, aliyekuja kuuliza idadi ya wanaume katika boma mara nyingi alikuwa ndiye atakayerudi kudai kodi ya kichwa. Si ajabu kwamba vijana wengine walionekana porini siku hiyo kuliko nyumbani.

Liko neno moja la sensa ambalo wengi hulichanganya na jingine, nalo ni kaya. Kaya si nyumba, wala si ukoo. Kaya ni watu wakaao pamoja na kula pamoja, wakimtambua mmoja wao kuwa mkuu wao. Ukitaka kuijua kaya, usitazame paa, tazama chungu. Ndugu wawili wakikaa chini ya paa moja, na kila mmoja ana jiko lake na chakula chake, hizo ni kaya mbili. Bibi kizee ajipikiaye peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu naye ni kaya, kaya ya mtu mmoja.

Sasa na tuutazame mkoa mmoja. Nimeuchagua Kilimanjaro kwa sababu hesabu zake zina fumbo ndani yake. Mkoa huu si mlima tu. Wamo Wachagga wa vihamba vya migomba na kahawa huko Rombo, Moshi, Hai na Siha, na Wapare wa Mwanga na Same, na mji wa Moshi, na watu wengi wa nchi tambarare.

Mwaka wa 1948 watu wa Tanganyika walihesabiwa, nao walikuwa karibu milioni 7 na nusu. Baada ya Uhuru hesabu ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 1967, kisha ikafuata ya 1978, ya 1988, ya 2002, ya 2012, na ile ya 2022 tuliyokwisha kuitaja. Mwaka wa 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu karibu 653,000. Mwaka wa 1978 walipata zaidi ya 902,000. Maana yake, katika miaka 11 kila watu 100 walikuwa wamekuwa 138. Watu waliongezeka upesi, na ardhi haikuongezeka hata shubiri.

Tazama basi hesabu mbili za mwisho. Mwaka wa 2012 watu wa mkoa walikuwa 1,640,087. Mwaka wa 2022 walikuwa 1,861,934. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila watu 100 wamekuwa kama 113 na nusu tu. Lakini nchi nzima katika miaka hiyo hiyo ilitoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120, yaani kila 100 wakawa 137. Basi nchi yakua kwa mwendo wa mbio, na Kilimanjaro yenda polepole kama mzee apandaye kilima.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uzazi. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kilimanjaro, kwa wastani, huzaa watoto wasiofika 3, hali wastani wa nchi nzima ni karibu 5. Hakuna mkoa uliokuwa na wastani mdogo kuliko huo.

Ya pili ni kuhama, na hii yataka maelezo marefu zaidi. Mchagga wa zamani alimgawia mwanawe kihamba. Kwa desturi kitinda mimba ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, na kaka zake wakatafutiwa mahali pengine. Maadamu kulikuwa na mahali pengine, desturi hiyo ilikwenda vizuri. Lakini kihamba kikigawanywa mara mbili, kisha mara tatu, hubaki kipande cha migomba kisichoweza kulisha watu wala kulipa karo. Vihamba vingi leo havifiki hata ekari 3. Tena shule zilifika mlimani mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, na kijana aliyekwisha kusoma alijua kwamba kuna kazi Arusha, Dar es Salaam na kwingineko. Alikwenda. Wengine walikwenda na biashara ya duka, wengine na kalamu.

Dalili ya safari hizo yaonekana ukiweka hesabu ya Kilimanjaro karibu na ile ya Dar es Salaam. Mwaka wa 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu 356,286, nao ni wachache sana kuliko watu wa Kilimanjaro wa mwaka huo. Mwaka wa 2022 ilikuwa na watu 5,383,728, yaani karibu mara tatu ya Kilimanjaro. Si wote waliotoka mlimani, la hasha. Dar es Salaam ni bahari ipokeayo mito yote. Lakini mto wa Kilimanjaro ni mmoja wa hiyo.

Sasa twafikia fumbo lenyewe. Mtu angedhani kwamba ikiwa watu waongezeka polepole, na nyumba nazo zaongezeka polepole vivyo hivyo. Sivyo. Mwaka wa 2002 mkoa ulikuwa na watu karibu 1,380,000, na wastani wa kaya ulikuwa watu 4.6. Usicheke ukiuliza ni nani huyo aliye sita ya kumi ya mtu. Maana yake ni kwamba katika kila kaya 10 walikuwamo watu 46. Mwaka wa 2012 wastani ulikuwa 4.3, yaani watu 43 katika kaya 10. Chukua kalamu ugawanye. Mwaka wa 2002 utapata kaya kama 300,000. Mwaka wa 2012 utapata kaya kama 381,000. Watu waliongezeka kwa 19 katika kila 100, na kaya ziliongezeka kwa 27 katika kila 100. Kama watu wangaliendelea kukaa kwa desturi ile ya 46 katika kaya 10, kaya za mwaka wa 2012 zisingalizidi 357,000. Basi kaya zipatazo 25,000 hazikutokana na wingi wa watu, bali na watu kutengana vyungu.

Hutokeaje? Tuseme mwaka wa 1967 katika kihamba kimoja walikaa baba, mama na watoto 6. Ni kaya moja ya watu 8. Wana wawili wakaenda mjini, binti watatu wakaolewa kwingine, kitinda mimba akabaki, akaoa, akajenga nyumba ya bati kando ya ile ya zamani, akapata watoto 3. Baba akafa. Leo mama apika peke yake, na mwana na mkewe na watoto wao wapika kwao. Katika kihamba kile kile ziko kaya 2, na watu 6. Kaya imezidi moja, watu wamepungua wawili, na wastani umetoka 8 ukawa 3. Mpita njia aonaye nyumba mbili na mapaa mapya atasema, "Watu wamekuwa wengi hapa." Karani peke yake ndiye ajuaye kweli.

Na jambo hili si la Kilimanjaro peke yake. Kwa nchi nzima wastani wa kaya ulikuwa 5.2 mwaka wa 1988, 4.9 mwaka wa 2002, na 4.3 mwaka wa 2022. Mlima ulitangulia tu.

Mtu aweza kuuliza, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kaya ya watu 8 ina mikono mingi: mmoja achota maji, mmoja akata majani ya ng'ombe, mmoja abaki na mgonjwa. Kaya ya mtu mmoja ina mikono miwili, na mara nyingi mikono hiyo ni ya mtu wa miaka 70 au 80, kwa maana Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi kwa kulinganisha na watu wake. Mwana aweza kutuma fedha kwa simu kutoka mjini, na wengi hutuma. Fedha hiyo haiwezi kuinua ndoo. Kijiji chenye wazee wengi chataka zahanati yenye dawa za shinikizo la damu na kisukari kabla hakijataka darasa jipya. Na katika vijiji vingine vya mlimani madarasa yana watoto wachache kuliko zamani, hali katika miji watoto wabanana madawati. Serikali isipojua hayo itapeleka madawati panapotakiwa dawa.

Ndiyo sababu karani hana budi kuwa mkali katika swali lake la usiku ule. Mama hupenda kumtaja mwanawe. "Mwandike na yeye, nyumba hii yeye ndiye aliyeijenga." Kwa moyo wa mama maneno hayo ni kweli, lakini kwa hesabu ni kosa, kwa maana mwana huyo amekwisha kuandikwa Dar es Salaam, naye akiandikwa tena atakuwa watu wawili. Katika vijiji vingi ziko nyumba nzuri za vyumba vitano au sita, zilizojengwa na watu wakaao mjini, na usiku wa kuhesabu aliyelala humo ni mlinzi tu. Karani aandika mtu mmoja, naye ni mlinzi.

Tena fikiri juu ya mwezi uliochaguliwa. Hesabu zetu tangu mwaka wa 1967 zimefanywa mwezi wa Agosti. Kama zingefanywa usiku wa Krismasi, Kilimanjaro ingeonekana nchi nyingine kabisa. Kila mwaka mwezi wa Desemba magari hupanda mlima yakiwa yamejaa. Nyumba zilizofungwa hufunguliwa madirisha, kaya ya bibi mmoja huwa kaya ya watu 12, na watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa makaburi ya babu zao kati ya migomba. Bomba la maji lililowatosha watu wa Agosti hutakiwa kuwatosha na wa Desemba, na mara nyingi halitoshi. Katika Januari milango hufungwa tena.

Hesabu ya kufanya. Mwaka wa 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na wastani wa kaya ulikuwa 4.0. Tafuta kaya zilikuwa ngapi. Kisha eleza kwa maneno yako kwa nini kaya za mji uliojaa watu zilikuwa ndogo kuliko kaya za Kilimanjaro. Mwisho, pita katika nyumba 10 za mtaa au kitongoji chenu, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyewe, uulize waliolala humo jana usiku ni wangapi, na vyungu vilivyopikwa ni vingapi. Usiandike majina.