Medali ya mdomoni

Julai 2007, katika kikao cha bodi ya maji huko California, mjumbe mpya Xavier Alvarez aliombwa ajitambulishe. Akasema yeye ni mstaafu wa jeshi la Marine, miaka 25 kazini. Mwaka 1987, akaendelea, alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya kijeshi iliyo juu kuliko zote Marekani. Halafu akaongeza kwamba alijeruhiwa mara nyingi, tena na jamaa yuleyule mmoja.

Jeshini hakuwahi kukanyaga. Kwa kupiga kamba, hata hivyo, alikuwa bingwa. Wapo waliomsikia akidai aliwahi kuchezea timu ya hoki ya Detroit Red Wings. Wengine waliambiwa alimwokoa balozi wa Marekani enzi za mateka wa Iran, akala risasi ya mgongo aliporudi ubalozini kuifuata bendera. Mwongo wa kijiweni angetosheka na nusu ya hayo.

Tatizo ni kwamba kamba ya medali ilikuwa jinai. Sheria ya Ushujaa Ulioibwa, iliyosainiwa na Rais George W. Bush Desemba 2006, ilimtia hatiani yeyote aliyejidai ana nishani ya kijeshi asiyopewa: hadi miezi sita jela, au mwaka mzima ikiwa ni ile kubwa. Haikuuliza umemtapeli nani wala umepata nini. Kutamka tu kulitosha. Alvarez alikiri kosa huku akibakiza haki ya kukata rufaa, akapigwa faini ya dola 5,000, miaka mitatu ya uangalizi na saa 416 za kazi za jamii.

Juni 28, 2012, Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, majaji sita kwa watatu. Jaji Anthony Kennedy hakumtetea mtu huyo. Alianza kwa kueleza kwamba uongo ndiyo tabia yake. Alichohofia ni serikali. Ikiruhusiwa kumfunga mtu kwa uongo mtupu, usiomdhuru yeyote, kesho itatunga orodha ya mambo mengine yasiyodanganywa, na orodha hiyo haitakuwa na kikomo. Isitoshe Alvarez alikwisha kuumbuka: alidhihakiwa mtandaoni, magazeti yakamwandika, mjumbe mwenzake akamtaka ajiuzulu. Kennedy akashauri serikali iweke hadharani majina ya waliotunukiwa kweli, ili kila mtu ahakiki mwenyewe. Mwezi uliofuata Wizara ya Ulinzi ikafungua tovuti ya kazi hiyo.

Jaji Samuel Alito alipinga, na hoja yake si ya kubeza. Katika jimbo la Virginia peke yake, aliandika, watu zaidi ya 600 walidai kwa uongo ndani ya mwaka mmoja kwamba wana medali hiyo. Mia sita! Waliotunukiwa kweli na wangali hai nchi nzima hawakufika hata 200. Askari aliyeacha mguu vitani ana haki ya kukasirika. Bado naona Kennedy alikuwa sahihi, maana hasira ya askari huyo inatulizwa na mwongo kuumbuliwa, wala si lazima afungwe.

Kwetu Tanzania sheria huanzia kwenye nguo. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Mzee anayejimwambafai kwenye kahawa kwamba alipigana vita vya Kagera atazomewa tu na wenzake. Kijana mwenye kombati ya kuazima ni habari nyingine: anapita kizuizini bila kuulizwa, anamtisha mwenye duka, na hajalazimika kufungua mdomo.

Wamarekani nao walirudi kwenye madhara. Juni 2013 Rais Barack Obama alisaini sheria ya pili, na safari hii mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba mtu alidai nishani kwa hila, akitafuta fedha, mali au faida nyingine ya kushikika. Adhabu ni hadi mwaka mmoja. Wa kutamba baa, hata kama anakera, sheria haina habari naye.

Alvarez gerezani aliingia kweli, lakini kwa shauri lingine kabisa. Alikuwa amemwandikisha mtalaka wake kwenye bima ya afya ya bodi ya maji, kana kwamba bado ni mkewe.