Bunduki Zilizorithiwa Vitani

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, Mkongo, Mrundi na Msomali wanaishi jirani. Walikimbia vita tofauti, lakini bunduki waliyoikimbia mara nyingi ni moja: AK, ambayo askari wa Uganda na Tanzania huiita SMG. Askari wa doria huko Mbarara naye huibeba begani.

Hakuna kamati iliyokaa ikaichagua. Mwaka 1962 jeshi la Uganda lilirithi silaha za Mwingereza. Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwatimua Waisraeli, akageukia Libya na Umoja wa Kisovieti, na AK zikamiminika. Februari 1979, katika vita vyao na Amin, Watanzania waliiteka Mbarara na kuibomoa vibaya. Wao walikuwa na SMG za Kichina, aina ya Type 56, ambazo nyingi zina singe inayokunjwa chini ya mtutu. Jeshi la Amin liliposambaratika, silaha zilizagaa kila mahali.

Yoweri Museveni alipoanza uasi kwa kuvamia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981, kundi lake, ambalo baadaye liliitwa NRA, lilikuwa na bunduki 27 tu. Nyingine zilitekwa kwa adui, nyingine zikaletwa na Libya. Mchanganyiko huo ulikuwa balaa kwa mtunza ghala. G3 ya Kijerumani na AK zote ni za milimita 7.62, ila ganda la risasi ya G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK 39. Aliyeishiwa risasi vitani hawezi kuazima za mwenzake mwenye bunduki ya aina nyingine! Hesabu hiyo, kuliko sifa za bunduki yenyewe, ndiyo iliyoinufaisha AK baada ya NRA kugeuka jeshi la taifa mwaka 1986. Leo kiwanda cha Luwero Industries, Nakasongola, hutengeneza risasi zake.

Tarehe 1 Oktoba 1990 safari ya bunduki hizo iliendelea. Askari wa NRA wenye asili ya Rwanda, wengi wao watoto wa wakimbizi waliokulia Ankole, walitoka kambini na magwanda na silaha zao, wakavuka mpaka na kuingia Rwanda kupitia Kagitumba. Mwaka 1994 jeshi lao, RPA, likawa jeshi la Rwanda.

Chini ya Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, bunduki za serikali hugongwa alama ya nchi. Nyingi hubeba alama hiyo kando ya namba za kiwanda cha ng'ambo.