Nani Anayelipia Kivuli Uwanjani?

Muhula uliopita niliombwa kuwa mwamuzi wa mdahalo katika shule ninakofundisha. Hoja iliyoandikwa ubaoni haikuwa na uhusiano wowote na silabasi: "Ni heri kiti cha kawaida uwanjani kuliko chumba cha fahari." Wanafunzi wenyewe ndio walioichagua, baada ya kubishana bwenini wiki nzima kuhusu mechi ya Uingereza waliyoitazama kwenye runinga. Kamera ilikuwa imewaonyesha wakwasi fulani nyuma ya vioo, bilauri mkononi, migongo yao ikiuelekea uwanja huku mpira wa kona ukipigwa.

Nami, nikiri mapema, niliingia ukumbini nikiwa na hukumu mfukoni. Mtu aliyelelewa katika jukwaa la jua hawezi kuwa mwamuzi wa haki katika shauri kama hili.

Nilianza kutazama kandanda nikiwa kijana pale City Stadium, kwenye Barabara ya Jogoo, uwanja ambao mnamo 2019 ulitangazwa kupewa jina la marehemu Joe Kadenge. Mashabiki wa Gor Mahia walikuwa na upande wao walioubandika jina la Russia, na aliyetaka kuusikia mpira kabla ya kuuona aliketi huko. Wenzao wa AFC Leopards walikuwa na isukuti zao, ngoma ambazo hazikunyamaza hata timu ilipokuwa imefungwa. Ulinunua njugu zilizofungwa kwenye karatasi, ukabanwa na mabega ya watu usiowajua, na bao lilipofungwa ukajikuta umekumbatiwa na mtu ambaye hukupata kumwona tena maishani. Waliokaa chini ya paa tuliwahurumia. Au tuseme tulijidai kuwahurumia, kwa maana mvua ilipoanza kunyesha huruma yetu ilikwisha ghafla.

Mtetezi wa kwanza wa hoja, mvulana wa Kidato cha Nne mwenye ulimi wa wakili, alisema karibu yote hayo, japo hakuwahi kufika Barabara ya Jogoo. Alisema kwamba anayeketi nyuma ya kioo anatazama runinga kubwa isiyo na rimoti. Alisema kelele za uwanjani ndizo nusu ya mchezo, na kwamba kelele hizo hutengenezwa na makabwela kisha huuzwa kwa mabwanyenye. Nilimwandikia alama nyingi, na akilini mwangu nikamwongezea nyingine ambazo hakuzisema.

Kwa mfano, hakusema jinsi vyumba hivi vilivyoanza. Uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, ulifunguliwa mwaka wa 1965 ukiwa na vyumba 53 vya fahari vilivyopangwa juu kabisa, karibu na paa. Hebu tafakari hilo. Katika viwanja vingi vya mpira duniani, kiti kilicho mbali na wachezaji ndicho rahisi. Huko Houston mahali pa mbali palitiwa mlango, zulia na mhudumu, pakawa ndipo ghali kupita pote. Mnunuzi hakuwa akinunua mpira. Alinunua mlango.

Miaka sita baadaye, mnamo 1971, timu ya Dallas Cowboys inayocheza mpira wa Kimarekani ilihamia Texas Stadium. Mwenye timu, Clint Murchison, aliuza vyumba vya fahari kwa dola 50,000 kila kimoja. Shabiki wa kawaida aliyetaka tiketi ya msimu hakusazwa: alitakiwa kwanza anunue hati za dhamana za kugharimia ujenzi, za dola 250 kwa uchache, na zaidi ya hapo kwa viti vya katikati. Wengi waliokuwa wameifuata timu hiyo tangu ilipokuwa ikifungwa kila wiki waliachwa nje. Uwanja wenyewe ulibomolewa mwaka wa 2010, na mrithi wake, uliofunguliwa mwaka wa 2009, una vyumba vya fahari takriban 300. Uingereza nayo haikuchelewa. Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, ulipata vyumba vyake vya kwanza wakati wa matayarisho ya Kombe la Dunia la 1966.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa walimu wa somo la biashara walitumie darasani. Sisi husema kwamba mtu "huchagua" baina ya kiti cha kawaida na chumba cha fahari, kana kwamba watu wawili wamesimama dirishani pa tiketi, mmoja akiwa na pesa nyingi na mwingine kidogo. Sivyo mambo yalivyo. Anayeketi chumbani aghalabu hakulipa. Kampuni ndiyo iliyolipa, kwa mkataba wa miaka kadhaa, na aliyeketi ni mteja anayebembelezwa au meneja anayetuzwa. Isitoshe, kwa miaka mingi kampuni za Marekani ziliweza kuhesabu kodi ya chumba kuwa gharama ya biashara na hivyo kupunguziwa ushuru wa serikali, hata mwananchi asiyependa mpira akawa anachangia zulia lile. Sheria ya 1986 iliibana nafuu hiyo isizidi bei ya kiti bora cha kawaida, na ile ya 2017 ikaifuta kabisa gharama ya burudani. Aidha, katika ligi ya mpira wa Kimarekani, timu hugawana mapato ya tiketi za kawaida, lakini sehemu kubwa ya kodi ya vyumba hubaki na timu ya nyumbani. Basi mwenye timu akiwa na nafasi ya kujenga, atajenga nini? Mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kujibu.

Shabiki wa kawaida hulipa kwa jasho lake, wala hana wa kumpunguzia. Ndiyo maana akija huja kutazama. Mnamo Novemba 2000, Roy Keane, nahodha wa Manchester United, alilalamika hadharani baada ya mechi ya kombe la Ulaya kwamba wapo waliokuja uwanjani kunywa vinywaji na kula mikate iliyopachikwa kamba wa baharini, wasijue hata kinachoendelea. Alichekwa, lakini mwenye macho aliyaona aliyoyasema. Wembley mpya, uliofunguliwa mwaka wa 2007, una ngazi nzima ya katikati iliyotengewa wanachama na wageni wa makampuni. Mara nyingi runinga imetuonyesha viti vyake vikiwa vitupu kipindi cha pili kinapoanza. Wenyewe wamo ndani. Sheria ya Uingereza ya 1985 hairuhusu kunywa pombe mahali ambapo uwanja unaonekana mchezo ukiendelea, kwa hiyo mgeni hulazimika kuchagua kati ya bilauri na mpira, na bilauri hushinda.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu wakati mpinzani wa pili, msichana wa Kidato cha Tatu, aliposimama.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "waungwana wa upande ule wamelisifu jua, wakasifu ngoma, wakasifu njugu. Ningependa kuwauliza: haja ndogo walikwenda wapi?"

Ukumbi uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja kelele zitulie, kisha akasimulia safari ya mwaka uliotangulia, tulipowapeleka wanafunzi 36 kutazama mechi ya ligi katika uwanja mmoja jijini Nairobi. Naikumbuka safari hiyo vizuri. Mimi ndiye niliyekusanya pesa, na mimi ndiye niliyekata shauri kwamba zitanunua tiketi za kawaida 36 badala ya tiketi za VIP zisizotosha hata nusu ya wanafunzi. Niliona fahari juu ya uamuzi huo, nikausimulia katika chumba cha walimu.

Wakati wa mapumziko, alisema, yeye na wenzake wawili walitafuta choo cha wanawake upande wetu. Walikikuta na kufuli. Walikwenda kwenye lango la VIP kuomba kupita. Askari akazitazama tiketi zao, akawaelekeza kwa kidole warudi walikotoka. Wakatoka nje kabisa, wakavuka barabara hadi kituo cha petroli. Waliporudi, mlinzi wa lango aliwaambia kwamba tiketi ikishachanwa haiingii tena. Wakasimama kando ya ukuta kwa muda wote uliobaki. Mechi hiyo ilikuwa na bao moja tu, nalo walilisikia. Hawakujua ni nani aliyefunga, wala ni timu gani, mpaka mlango ulipofunguliwa na watu wakaanza kutoka wakiimba.

"Ndani ya basi," akamalizia, "niliulizwa na mwalimu kwa nini mimi siimbi."

Mwalimu huyo ni mimi. Nakumbuka nilivyosimama mlangoni mwa basi nikihesabu vichwa, nikafika 36, nikaridhika. Nusu ya mechi wasichana watatu waliokabidhiwa kwangu na wazazi wao walikuwa wamesimama kando ya barabara jijini, nami nilikuwa ndani nikirukaruka kwa ajili ya bao. Sikuwa nimewahesabu wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimekwenda kununua njugu.

Msomaji mpendwa, nimesema tayari kwamba niliingia na hukumu mfukoni. Nilihisi kama imeshika moto.

Nilipotulia niliona kwamba msichana huyu hakuwa ameomba zulia. Hakuomba kioo, wala mhudumu, wala mikate ya kamba. Aliomba choo kilicho wazi na lango linalomtambua. Vitu hivyo si anasa hata kidogo, lakini katika viwanja vyetu vingi vimehamishiwa upande wa waheshimiwa na kuuzwa pamoja na kivuli. Mwanamke, mzee mwenye magoti mabovu, mzazi mwenye mtoto mdogo: hawa hununua tiketi ya VIP, nasi tulio kwenye jua huwaita wenye maringo.

Na kuna mambo mazito kuliko choo. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika vizimba vya kusimamia nyuma ya goli. Waliofariki, pamoja na waliofariki baadaye kutokana na majeraha, ni 97. Hakuna aliyekufa katika viti vya waheshimiwa siku hiyo. Nasi tunayo yetu: Oktoba 2010, watu saba walipoteza maisha katika msongamano langoni mwa uwanja wa Nyayo, Gor Mahia ilipokuwa ikikutana na AFC Leopards. Kila mtu anayeimba sifa za jukwaa la kawaida, nikiwemo mimi, yampasa azikumbuke tarehe hizo mbili kabla ya kufungua kinywa.

Jaji Taylor, aliyechunguza maafa ya Hillsborough, alipendekeza mnamo Januari 1990 kwamba viwanja vikubwa viwe na viti pekee. Lakini alisema pia kwamba bei ya viti hivyo haikupasa kuwa nje ya uwezo wa waliokuwa wakisimama. Vilabu vilisikia sentensi ya kwanza. Kufikia mwaka wa 2016 Liverpool yenyewe ilitangaza kwamba baadhi ya tiketi katika jukwaa lake jipya zingegharimu pauni 77. Mnamo Februari 6 mwaka huo, katika mechi dhidi ya Sunderland, maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 wakatoka. Timu yao ilikuwa ikiongoza kwa mabao mawili. Mechi ikaisha sare ya 2-2. Siku chache baadaye wenye klabu waliomba radhi na kuuacha mpango huo. Na asiyeamini kwamba mahali pa kawaida paweza kuwa salama na rahisi kwa pamoja aende Dortmund, Ujerumani, akaone jukwaa la kusini linalochukua watu karibu 25,000, wote wamesimama.

Jijini Nairobi ujenzi wa uwanja wa Talanta ulianza mwaka wa 2024, wa watu 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tuliloandaliwa kulipokea pamoja na Uganda na Tanzania. Magazeti yameandika mengi kuhusu paa na taa zake. Mimi ningependa kujua idadi ya vyoo vya wanawake katika upande wa tiketi ya bei ya chini, na ni nani atakayekaa na funguo zake.

Nilitoa ushindi kwa upande wa upinzani. Yule mvulana wa Kidato cha Nne alinijia baadaye, amekunja uso. "Lakini mwalimu," alisema, "hakukitetea chumba cha fahari hata mara moja!" Alisema kweli. Kwa kanuni za mdahalo huenda nilikosea, na sikupata jibu la kumpa.

Mwezi uliofuata tulipanga safari nyingine. Wasichana walipiga kura, pamoja na yule msemaji wetu, na wakachagua tena viti vya kawaida, kwa sababu huko ndiko ziliko ngoma. Siku moja kabla ya mechi nilikwenda uwanjani peke yangu, nikamtafuta afisa anayehusika. Nilimuuliza kuhusu choo, na kuhusu mwanafunzi anayetoka nje na kutaka kurudi. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaniuliza kama ninataka tiketi za VIP.

Nikamwambia ninataka ufunguo. Akaenda kuutafuta, nami nikakaa kwenye saruji nikimngoja kwa karibu saa nzima.